Maswali ya Wasomaji: Umeme wa Nyumbani Unaishia Wapi?

Barua za safari hii karibu zote zina kilio kimoja: uniti zinaisha mapema na bili ya maji inapanda, na mwenye nyumba hajui pa kuanzia. Kabla ya majibu, shikeni hesabu moja itakayotumika ukurasa mzima. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kinazofanya kazi, gawa kwa 1000. Jibu ndilo uniti. Balbu ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hula uniti 1 kwa siku 22. Birika la wati 2000 hula uniti hiyo hiyo kwa nusu saa. Mtu akikuhimiza kubana matumizi kwa kuzima taa peke yake, mwonyeshe namba hizo mbili.

SWALI: Ndugu wahariri, salamu. Nyumbani tuko wanne, hatuna kiyoyozi wala jiko la umeme, lakini uniti zinayeyuka. Nimebadilisha balbu zote nikaweka za LED, na sioni tofauti kubwa. Naishuku mita. Nifanyeje? (Mpangaji)

Mita mbovu zipo, ila ni chache kuliko hita zilizosahaulika. Kabla ya kwenda kulalamika, pima. Kifaa cha kupimia unacho tayari, ni hiyo mita yenyewe. Usoni pake kuna taa ndogo nyekundu inayomweka, na kando yake maandishi kama 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh au 3200 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikishamweka mara hizo, umetumia uniti 1. Hesabu sekunde kati ya mweko mmoja na unaofuata. Kisha gawa 3,600,000 kwa namba ya imp, na jibu uligawe kwa sekunde zako. Unachopata ni wati ambazo nyumba inavuta dakika ile.

Mfano: mita ya 1000 inayomweka kila baada ya sekunde 9 inasema wati 400. Ikiwa watu wamelala na friji umeichomoa, hizo wati 400 zina mwenyewe. Zikiendelea mchana na usiku ni uniti 288 kwa mwezi wa siku 30. Mweko ukichukua muda mrefu, usitegemee mmoja. Hesabu sekunde za miweko 10 na ugawe kwa 10.

Sasa msake huyo mwenyewe. Shusha breka zote ndogo, swichi kuu iache juu. Miweko ikome. Katika mita nyingi taa hubaki imewaka bila kumweka pale ambapo hakuna kinachotumika, kwa hiyo usishtuke ukiiona imetulia na wekundu wake. Pandisha breka moja, subiri dakika 2, tazama. Shusha, nenda ya pili. Breka itakayoamsha miweko wakati kila kitu upande wake kimezimwa ndiyo yenye siri. Mara nyingi utakuta hita ya maji ambayo swichi yake iko nyuma ya mlango, pampu, taa ya ulinzi iliyo upande usioupita, au waya uliovutwa zamani kwenda chumba cha uani. Mpangaji aangalie hilo la mwisho kwa makini.

Yapo matokeo mawili ya kuchukuliwa kwa uzito. La kwanza: umeshusha swichi kuu na mita bado inamweka. Hapo tatizo liko kwenye mita, au kuna waya umeunganishwa kabla ya swichi yako. Usiguse lakiri wala kufungua chochote. Waite wenye mita, nawe uwe na picha za video zinazoonyesha swichi iko chini na taa inamweka. La pili: breka ya hita au pampu inavuta umeme huku bomba au sinki la chuma linakutekenya vidole. Huo ni umeme unaovuja kwenda ardhini. Shusha breka hiyo na uiache chini hadi fundi afike, hata kama mtaoga maji baridi wiki nzima. Umeme unaovuja hivyo unaulipia, na unaweza kuua.

Kuhusu balbu, ulifanya vema. Huoni tofauti kwa sababu taa hazikuwa mlaji mkubwa. Anayekula ni kifaa chochote kinachotengeneza joto au baridi.

SWALI: Mume wangu anasema hita ya maji iachwe imewaka saa zote kwa sababu kuyapasha maji upya kunakula umeme mwingi kuliko kuyaweka moto. Mimi naizima kila baada ya kuoga. Nani yuko sahihi? (Mama wa nyumba yenye mabishano)

Wewe, mama. Hoja ya baba imeenea sana, na hata mafundi wengine huirudia, lakini haisimami. Tangi la maji moto ni kama ndoo iliyotoboka: kadiri unavyoiweka imejaa, ndivyo inavyovuja kwa kasi. Joto hutoka kwenye tangi kulingana na tofauti kati ya maji na hewa iliyolizunguka. Maji yakipoa, upotevu unapungua. Ukiyapasha upya unarudisha kile tu kilichopotea, na kilichopotea ni kidogo kuliko ambacho kingepotea kama tangi lingebaki na nyuzi 60 muda wote.

Suala ni kiasi gani unaokoa, na hilo hutegemea ukuta wa tangi lako. Lipime. Usiku, liache lipashe hadi themostati (swichi inayokata umeme maji yakifika joto lililopangwa) ikate, kisha zima na mtu yeyote asifungue maji moto. Baada ya saa 12 andika namba ya mita, washa hita peke yake, subiri ikate tena, andika namba ya pili. Tofauti ni upotevu wa saa 12. Ukipata uniti 0.3, tangi limefunikwa vizuri na kuzimazima kwako kunaleta faida ndogo. Ukipata 0.8 au zaidi, kila siku unapasha hewa ya darini.

Kupasha lita 1 kwa nyuzi 1 huhitaji wati-saa 1.16. Kwa hiyo tangi la lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni uniti 2.3, na koili (chuma kinachopasha maji ndani ya tangi) ya wati 1500 itachukua saa moja na nusu hivi. Ukijua hilo huna haja ya kubahatisha: weka saa ya kuwashia yenye uwezo wa kubeba mkondo wa hita, iwashe saa mbili kabla ya watu kuamka na ikate watu wakishatoka. Bomba la maji moto linalotoka kwenye tangi livishwe sponji la mabomba kwa mita 2 za mwanzo, maana shaba na chuma hunyonya joto na kulitupa hata bomba likiwa limefungwa. Ukilivisha tangi lenyewe, acha wazi kifuniko cha themostati na vali ya usalama.

Usishushe themostati chini ya nyuzi 60 kwa tamaa ya kubana. Bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu, hustawi kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45, na tangi la uvuguvugu ni nyumba yao. Nyuzi 60, lakini, huunguza ngozi ya mtoto kwa sekunde chache. Penye watoto au wazee fundi aweke vali ya kuchanganya maji bafuni.

Vali ya usalama ikidondosha matone wakati maji yanapata moto, hiyo ni kazi yake. Maji yakitoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa karibu asilimia 1.5, yaani robo tatu ya lita kwa tangi lako la lita 50, na lazima yapate pa kwenda. Ikidondosha hata tangi likiwa baridi, ama shinikizo la maji limezidi ama vali imechoka. Kuiziba kwa plagi ni kutengeneza bomu.

Kuna wanaoambiwa chokaa kwenye koili ndiyo inayokula umeme. Kwenye hita ya umeme ambayo koili imezama majini, joto halina pengine pa kwenda zaidi ya maji, kwa hiyo chokaa haiongezi bili sana. Inachofanya ni kuifunika koili, koili inapata moto kupita kiasi na kuungua. Dalili ni sauti ya kukwaruza au kuchemka wakati wa kupasha.

SWALI: Na sisi wenye shawa inayopasha maji papo hapo? Maji yanatoka vuguvugu tu, nikaambiwa ninunue kubwa zaidi.

Punguza maji kwanza. Shawa ya wati 5500 ikipitisha lita 3 kwa dakika huyaongezea maji nyuzi 26. Ikipitisha lita 5, inaongeza 16 tu. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa: ikijaa chini ya dakika 3, kaza bomba kidogo kidogo hadi joto lipande. Usikaze mpaka shawa ijizime, maana ina swichi ya shinikizo inayohitaji maji ya kutosha. Toa pia kichwa cha shawa na ukiloweke kwenye siki usiku mzima, matundu yaliyoziba hufanya maji yatoke upande mmoja.

Ukinunua ya wati nyingi zaidi, jua kwamba wati 5500 kwenye umeme wa volti 230 ni ampea 24. Waya wa milimita mraba 2.5 ulio kwenye soketi za kawaida hautoshi. Utapata moto ndani ya ukuta kabla ya kupata maji moto.

SWALI: Mzee wenu hapa. Nimeletewa kidude cha kuchomeka kwenye soketi, wanasema kinapunguza bili kwa nusu. Muuzaji alikipima mbele yangu na kweli ampea zilishuka. Je, nikinunue? (Mstaafu)

Shikamoo mzee. Usikinunue. Ampea zilishuka kweli, na hapo ndipo mtego ulipo.

Ndani ya kidude hicho, ukikifungua, kwa kawaida utakuta kapasita moja, saketi ndogo na taa ya kijani ya kukuridhisha. Kapasita hupunguza ule mkondo wa ziada ambao mota za feni au friji huuvuta na kuurudisha bila kufanya kazi yoyote. Ampea kwenye waya zinashuka, kipimo cha muuzaji kinazionyesha. Ila mita ya nyumbani haitozi mkondo huo. Inahesabu nguvu inayofanya kazi peke yake, na hiyo haiguswi na kapasita. Viwanda hutozwa pia kwa mkondo wa ziada, ndiyo maana wao huweka kapasita kubwa na zinawafaa.

Akija tena, mwombe mpime kwa mita badala ya kipimo chake. Washeni feni peke yake, hesabuni sekunde za miweko 10, chomekeni kidude, hesabuni tena. Sekunde zitabaki zile zile, au zitapungua kidogo kwa sababu taa ya kijani nayo inakula.

SWALI: Friji langu halinyamazi. Nimeanza kulizima saa nne usiku na kuliwasha saa kumi na mbili asubuhi ili nipunguze matumizi. Je, ni sawa?

Acha kulizima, dada. Unachookoa ni kidogo, kwa sababu joto lililoingia usiku lazima litolewe asubuhi, na kompresa hufanya kazi mfululizo kulifidia. Hatari yake ni kubwa kuliko faida: friji lisilo na umeme, hata likiwa limefungwa, hushikilia baridi salama kwa takriban saa 4. Wewe unaliacha 8.

Friji lisilonyamaza lina sababu, na nyingi unaweza kuzikuta mwenyewe kwa jioni moja. Anza na joto lenyewe. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, kwa saa 8, kisha soma. Lengo ni nyuzi 4 au chini kidogo bila kufika 0. Kwenye friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukikuta nyuzi 1, umelibana bila sababu. Kumbuka kwamba katika mafriji mengi namba ya kitufe ikipanda, baridi inaongezeka. Wapo wanaogeuza hadi 7 wakidhani ni joto.

Halafu mpira wa mlango. Fungia kipande cha karatasi mlangoni na ukivute. Kikitoka bila kukataa, hewa inaingia hapo. Rudia kila baada ya sentimita 15 kuzunguka mlango wote, na usisahau upande wa bawaba, ambako mpira hukunjika bila kuonekana. Mara nyingi ni uchafu tu: osha mpira na mifereji yake kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kausha. Sehemu iliyobonyea ipashe kwa mashine ya kukaushia nywele kwa moto wa chini, ukiivuta polepole irudi umbo lake. Uliopasuka ubadilishwe.

Nyuma ya friji kuna wavu wa mabomba meusi; hapo ndipo joto lililotolewa ndani linapotupwa. Ukishikana na ukuta au ukivaa koti la vumbi, kompresa inahangaika. Chomoa, vuta friji, pangusa kwa brashi laini, kisha lirudishe ukiacha nafasi ya sentimita 10 hivi. Mafriji mengine hayana wavu, na joto hutoka kupitia mbavu zake. Ndiyo maana ubavu huwa wa moto, na ndiyo maana kulibananisha katikati ya makabati ni kosa.

Barafu ikifika unene wa milimita 5, yeyusha. Zima, acha mlango wazi, weka bakuli la maji moto ndani, na kisu kikae mbali. Tundu moja kwenye ukuta wa friza likimwaga gesi, umeua friji. Wakati huo huo tazama barafu imeganda wapi. Ikiwa imejikusanya pembe moja tu huku sehemu nyingine ya ukuta ni kavu na kompresa haisimami, gesi imepungua. Hapo kusafisha hakutasaidia. Tundu litafutwe na kuzibwa kwanza, kisha gesi ijazwe. Fundi anayejaza tu bila kutafuta tundu atarudi.

Umeme ukikatika au ukilizima kwa ajili ya usafi, ngoja dakika 5 kabla ya kuliwasha. Kompresa inayoamshwa shinikizo likiwa bado juu hukwama, huvuta mkondo mkubwa na kuchoma rilei yake. Na baada ya yote hayo, friji zima likifanya kazi nusu ya muda siku ya joto, si ugonjwa.

SWALI: Taa za LED zinabaki na mwanga hafifu hata nikizima swichi. Zinakula umeme?

Kidogo mno, hauhesabiki. Lakini tafuta sababu. Kama swichi ina kitaa cha kuonyesha gizani, mkondo wa kitaa hicho unapita kwenye balbu. Kama haina, huenda waya mbili ndefu zilizolala sambamba zinaambukizana umeme kidogo, jambo lisilo na madhara. La tatu ndilo baya: fundi aliifunga swichi kwenye niutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta), kwa hiyo taa inazimika huku kishikio cha balbu kikiwa na umeme kamili. Atakayebadilisha balbu akiamini imezimwa atapigwa. Fundi umeme apime hapo kwenye kishikio swichi ikiwa imezimwa. Ni kazi ya dakika chache.

Unaponunua balbu soma lumeni, maana wati hazikuambii mwanga. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi. LED ya wati 8 hadi 10 inatosha. Na usiifungie LED ndani ya kikombe cha kioo kisichopitisha hewa kama haikutengenezwa kwa hilo. Joto ndilo linaloziua.

SWALI: Kati ya gesi na umeme, kupikia kipi ni nafuu? Kila jirani ana jibu lake.

Kwa sababu kila jirani ana jiko lake, na bei hubadilika. Chukueni kipimo hiki mkitumie popote. Kilo 1 ya gesi ya mtungi ina nishati ya uniti 12.8 hivi. Jiko la gesi la kawaida hufikisha karibu nusu kwenye sufuria, zilizobaki hupasha jikoni. Jiko la induksheni, linalopasha kitako cha sufuria moja kwa moja kwa nguvu ya sumaku, hufikisha takriban asilimia 85, na la sahani ya koili 70 hivi. Ukifanya hesabu, kilo 1 ya gesi inafanya kazi ya uniti 7.5 za induksheni, au 9 za koili. Zidisha bei ya uniti yako kwa 7.5 (au 9). Jibu likiwa chini ya bei ya kilo ya gesi, umeme ni nafuu. Likiwa juu, baki na gesi. Kama umeme wenu unauzwa kwa madaraja, tumia bei ya daraja utakaloangukia ukishaongeza jiko, usitumie unayolipa leo.

Sufuria ya umeme yenye presha iweke kando ya hesabu hii. Imefunikwa kwa kizuia joto, na ikishapanda presha hujizima na kuwaka kwa vipindi. Kwa chakula cha kuchemka muda mrefu huishinda gesi karibu kila mahali. Kwa kukaanga haina maana.

Vyovyote utakavyochagua, mfuniko. Lita 1 ya maji ikipaa kama mvuke huondoka na joto mara karibu 7 ya lile lililoitoa nyuzi 20 hadi kuchemka. Sufuria iliyo wazi inayotokota kwa fujo haipiki haraka, kwa kuwa maji yakishachemka hayaongezeki moto hata ukifungua gesi yote. Funika, shusha moto hadi mapovu machache yaonekane, basi.

Moto wa gesi ukiwa wa njano na kupaka masizi, safisha matundu ya kichomeo kwa brashi na tundu la jeti (kijitundu kinachotoa gesi) kwa waya mwembamba laini, bila kulipanua. Kwa wanaotaka induksheni: sumaku isiposhika kitakoni mwa sufuria, jiko halitaiona. Aluminiamu tupu haifai.

SWALI: Nichomoe chaja za simu usiku?

Ukipenda. Chaja nzuri isiyo na simu hula sehemu ndogo ya wati 1. Chomoa king'amuzi. Vingi, hasa vya zamani, vikizimwa kwa rimoti bado huvuta wati 10 hadi 20. Kinachovuta 15 ni uniti karibu 11 kwa mwezi, bila mtu kutazama chochote.

SWALI: Kijana wetu anaweka kiyoyozi nyuzi 16 ili chumba kipoe haraka. Kinapoa haraka kweli?

Kiyoyozi cha kawaida, hapana. Kompresa yake ina kasi moja. Ukiweka 16 au 25 inapuliza baridi ile ile, tofauti ni lini itasimama. Ukiweka 16 huenda isisimame kabisa. Cha invata, ambacho kompresa yake hubadili kasi, kinaweza kujikaza zaidi mwanzoni, lakini gharama ya kukaa kwenye 16 iko pale pale: nje kukiwa nyuzi 32, chumba cha nyuzi 16 kinapokea joto la kutani mara mbili ya chumba cha nyuzi 24. Mwekeeni 25 au 26 na feni. Feni ya wati 60 humfanya mtu ajisikie amepoa kwa nyuzi 2 au 3 zaidi. Ila inampoza mtu, haipozi chumba, kwa hiyo akitoka aizime.

Chujio lioshwe kwa maji kila wiki 2 na likaushwe kivulini. Lililoziba huzuia hewa, bomba la ndani linaganda barafu, na watu wanadhani gesi imeisha. Hilo la gesi nalo tuliseme: gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Fundi anayekuongezea kila mwaka anakuuzia gesi inayovuja.

SWALI: Pampu yetu inawaka na kuzima usiku, hakuna mtu anayetumia maji. Bili zote mbili zimepanda.

Maji yanatoka mahali. Kwanza choo: tia rangi ya chakula au juisi ya unga kwenye tangi lake, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, mpira wa kufungia maji umechoka au kiti chake kina chokaa. Kama maji yanaingia kwenye bomba la kufurikia, boya limewekwa juu mno. Lishushe hadi maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Bomba linalodondosha tone 1 kila sekunde ni lita 20 na ushei kwa siku, na mara nyingi dawa yake ni washa ya mpira.

Kisha fungeni kila kitu na mtazame mita ya maji. Ile pembetatu ndogo au gurudumu dogo usoni pake likizunguka, bado kuna mvujo, labda chini ya ardhi. Fungeni vali ya tangi la juu, halafu ya bustani, moja moja, hadi lisimame.

Likisimama kabisa na pampu bado inawaka na kuzima, tazameni vali ya kuzuia maji yasirudi kisimani au kwenye tangi la chini. Ikishikwa na mchanga, maji yanarudi yalikotoka na shinikizo linashuka. Na kama pampu inawaka kwa sekunde chache kila mnapofungua bomba, basi ni tangi la shinikizo limeishiwa hewa. Zimeni pampu, fungueni bomba hadi maji yaishe kwenye mfumo, ndipo mpime hewa kwenye nozeli yake kwa geji ya matairi. Inatakiwa iwe bar 0.2 chini ya shinikizo ambalo pampu huwakia: pampu ikiwaka kwenye bar 1.4, jazeni hewa hadi 1.2. Maji yakitoka kwenye nozeli badala ya hewa, mpira wa ndani umepasuka na unahitaji mwingine.